Dawa ya Saluni, Dawa ya Dukani na Maji ya Handeni

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa nywele ya mtu. Niligusa taulo. Saluni ilikuwa Korogwe, nyuma ya stendi, chumba kimoja chenye vioo viwili na draya moja, lile kofia kubwa la umeme ambalo mteja anakaa chini yake ametulia kama kuku anayeatamia. Mwenye saluni tulimwita Madamu. Alikuwa Msambaa wa kule juu milimani, mama wa kanisani, mrefu, mkavu, ngozi ya vidole imebabuka kwa miaka ya dawa. Aliniangalia kuanzia mtandio mpaka ndala.

"Umetoka wapi wewe?"

"Kang'ata ya Handeni, Madamu."

"Mzigua. Nyie mnaoga kwa kata moja na mengine yanabaki. Hapa kwangu maji hayabanwi, umesikia?"

Mdomo wangu sikuuacha Kang'ata, nilikuja nao. Nikamjibu, "Nimesikia, Madamu. Na nyie mnaoga mto mzima na bado hamtakati."

Wateja walicheka mpaka yule aliyekuwa chini ya draya akachomoa kichwa kuuliza kumetokea nini. Madamu hakucheka, lakini hakunifukuza. Alinitupia taulo kifuani. "Anza na hizo. Huo mdomo tutaufua baadaye."

Nimesoma mpaka darasa la nne. Sisemi ili mnionee huruma, nasema ili mjue kwamba haya niliyapata kwa mikono. Mjukuu wangu Rehema ananirekebishia herufi. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha. Ninaandika kwa sababu kila wiki kuna binti ananisimamisha njiani: "Shikamoo bibi, eti ninunue dawa ya dukani nijitie mwenyewe, au niende saluni?" Anataka nimjibu kwa neno moja kabla bodaboda wake hajaondoka. Sina jibu la neno moja. Jibu langu lina miaka ndani yake, kwa hiyo kaeni.

Nilipoingia kazini, kalikiti ndiyo ilikuwa inaanza kuzeeka. Kalikiti zilikuwa nywele za mawimbi, zinalainishwa, zinazungushiwa rola, halafu zinapuliziwa maji ya mafuta kutwa kucha, mpaka kola ya gauni inakuwa kama karatasi iliyofungiwa vitumbua. Baada yake ikaja dawa. Dawa, kwa nyinyi mnaosuka tu, ni krimu nyeupe ya kunyoosha nywele za kipilipili. Wenyewe mnasema kurilaksi. Msidanganyike na harufu yake nzuri. Inanyoosha kwa kuchoma. Hakuna dawa isiyochoma. Ipo inayochoma nywele peke yake, na ipo inayochoma nywele pamoja na mwenyewe. Kazi ya msusi iko hapo katikati.

Nilifua taulo kwa muda mrefu, kisha nikapandishwa cheo, nikawa mtu wa jagi. Bomba la Korogwe lilikuwa na siku zake, kwa hiyo mwenye kumimina maji alikuwa na maana kuliko mwenye kuchana. Nikiwa nimesimama na jagi langu nilimtazama Madamu anavyofanya.

Yeye alianza na kichwa kabla ya kufungua kopo. Aligawa nywele kwa kitana cha mkia, kile chenye mpini mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, akakagua ngozi mstari kwa mstari. Akiona kipele, kidonda au mkwaruzo wa kucha, kopo halifunguliwi. Aliyefumua rasta siku ileile alirudishwa nyumbani, maana mtu akifumua hujikuna, na akijikuna ngozi inafunguka mahali ambapo jicho halioni. Akiridhika, alipaka bezi, yaani mafuta mazito ya mgando, kwenye ngozi, masikioni na kwenye paji, ili dawa ikidondoka iteleze. Kisha alianza nyuma kwenye kisogo, nywele zilipo ngumu, akamalizia mbele zilipo laini. Mwenye nywele zilizowahi kutiwa dawa alipakwa mashina mapya tu, na hiyo ndiyo kuritachi. Ukirudia dawa kwenye nywele ya zamani umeichoma mara ya pili, inakatika kama tambi.

Halafu kuosha. Hapa ndipo wengi mnapokosea, kwa hiyo nisikilizeni. Dawa haifi kwa maji peke yake, na haifi kwa sabuni ya mche. Kuna shampuu yake ya kuiua. Povu la shampuu hiyo hubadilika rangi: dawa ikiwa bado imo, povu linakuwa la waridi, na ikishakufa, povu linakuwa jeupe. Madamu hakuniambia niangalie saa. Aliniambia niangalie povu.

"Likiwa la waridi, mteja bado yuko motoni," alisema. "Usiniletee taulo. Niletee maji."

Alikuwa hana sura mbili. Siku moja alikuja mama mmoja muuza mitumba, amefumua asubuhi ile, anasalimia huku anajikuna.

"Madamu, nitie tu. Kesho nina ngoma kwa dada yangu."

"Nenda."

"Na nywele hizi?"

"Nenda nazo na utarudi nazo. Nikizitia dawa leo, utakwenda nazo na utarudi bila."

"Wewe mwanamke una roho mbaya."

"Ninayo. Karibu wiki ijayo."

Na wiki iliyofuata alikuja. Alikuja na mdogo wake.

Kutoka kwa Madamu niliondoka kwa sababu ya mume. Alikuwa fundi wa pancha, akapata kibanda Segera pale barabara zinapokutana, nikamfuata. Huko nikaajiriwa na mtu tuliyemwita Bosi. Alikuwa mfanyabiashara wa vipodozi, duka mbele, saluni nyuma, na saluni aliifungua ili iuze duka. Hakuwahi kushika kitana maishani mwake, ila chupa alizijua zote kwa kunusa.

"Mama," aliniambia siku ya kwanza, "mteja akitoka hapa mikono mitupu, aliyenyolewa ni mimi."

Sitamsema Bosi vibaya tu, kwa sababu kwake ndiko nilikojifunza bidhaa. Kwa Madamu nilijua kopo moja. Segera nilijua kwa nini makopo hayafanani. Boksi la dukani limetengenezwa kwa mtu asiye na mwalimu. Ndani mna dawa, mna kichupa cha kuchanganyia, mna glovu, mna shampuu ya kuiua, mna na karatasi yenye picha. Nguvu yake ni ya upole kidogo, lakini pamoja na maji yetu ya chumvichumvi inaacha nywele kavu, zinakwaruza kama nyasi za paa, usipozipa mafuta na mvuke. Kopo la saluni ni jambo jingine. Dawa yake ni kali, inafanya kazi haraka, na mwenyewe unatakiwa uwe na shampuu yake pembeni, bezi yake pembeni, na mikono inayojua. Hata ile shampuu ya dumu kubwa ya saluni ni nzito, inachanganywa na maji kwanza. Ukiimimina kavukavu kichwani inakung'oa hata mafuta uliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo msiniulize ipi nzuri. Zote nzuri mahali pake. Ubaya ulianza Bosi alipoleta kupima.

Sisi tunapima kila kitu. Mafuta ya kula tunapima, sukari tunapima, unga tunapima, ndivyo tulivyoishi na hakuna aibu. Basi Bosi akafungua kopo la saluni, akachota kwa kijiko, akafunga kwenye kipande cha nailoni, akaning'iniza dirishani. Abiria wakishuka kununua mahindi na machungwa, wananunua na dawa. Ni dawa ya saluni kweli, hakuwaibia. Ila wanaondoka na moto bila maji ya kuuzimia.

"Bosi," nilimwambia, "hii inataka shampuu yake."

"Shampuu ipo. Anayetaka atanunua."

"Atajuaje kama anaitaka?"

"Mwandikie."

"Nimwandikie wapi, kwenye nailoni?"

Akacheka. Akasema mimi ni msusi na si waziri wa afya. Nikamwambia sawa, ila kijiko hicho utakishika mwenyewe. Akakishika. Nilimaliza mwezi, nikafunga vitana vyangu kwenye kitambaa, nikaondoka. Mume wangu hakunielewa mpaka alipoona sirudi. Tukahamia Handeni mjini, nikafungua saluni yangu, kiti kimoja, kioo kimoja, na draya ya mtumba iliyokuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Hapo bosi nikawa mimi.

Handeni na maji mnapajua. Siku hizi bomba lipo, siku linapojisikia. Wakati ule tulinunua kwa ndoo, na kiangazi kikikaza hata ya kununua yanapotea. Ndiyo maana wasusi wa Handeni tuna utaratibu ambao Korogwe wangecheka: mteja wa dawa anakuja na maji yake. Unamwona anakuja barabarani amejitwika ndoo, unajua huyu anakwenda kunyoosha nywele. Mimi nikaongeza sharti: ndoo mbili. Ya kwanza inaondoa dawa, ya pili inaua dawa. Huna ndoo mbili, nitakusuka, nitakuseti kwa rola, nitakufunga uzi, lakini dawa hupati. Watu walinisema. Walisema nina masharti kama mganga. Nikawaambia mganga angewatoza na kuku.

Basi kiangazi kimoja, saluni yangu ikiwa bado changa, akaja Mama Salma. Huyu alikuwa mke wa mnunuzi mkubwa wa mahindi, mwanamke ambaye akivaa khanga leo, kesho wenzake wanaiulizia dukani. Alikuwa anamwoza bintiye Salma. Ukimtengeneza biharusi wa nyumba ile, mjini unajulikana. Ukimkataa, unajulikana vilevile.

"Fundi," akasema, "mwali huyu hapa. Kesho alfajiri anaogeshwa, mchana anaolewa. Nataka nywele zishuke mpaka hapa." Akajigusa begani.

"Maji yako wapi?"

"Ndoo hiyo huioni?"

Ilikuwa moja. Gari la maji halikuwa limefika mjini wiki hiyo. Nikamkalisha Salma, nikagawa nywele kwa kitana. Ngozi ilikuwa na mistari ya kucha kila mahali, myekundu myekundu.

"Salma, umefumua lini?"

"Leo asubuhi, mama."

Nikaweka kitana mezani. "Dawa simtii. Ndoo moja haitoshi, na kichwa kimechubuka. Nitamfunga uzi sasa hivi, kesho asubuhi tunafumua, zitakuwa zimenyooka, nitazibana vizuri hata picha hazitajua."

"Uzi?" Mama Salma akawageukia shangazi zake wawili aliokuja nao. "Mwanangu anaolewa, haendi kupalilia."

"Nimesema dawa simtii."

"Hii ni saluni au kituo cha polisi?"

"Saluni. Ndiyo maana naangalia kichwa cha mtoto, siangalii uso wa mama yake."

Alinyanyuka. Akasema kwa utulivu kabisa, na utulivu ule uliniuma kuliko matusi, "Dawa dukani ipo na mikono tunayo. Na tutawaambia watu, kwa fundi fulani msipoteze muda." Wakaondoka wote, na ndoo yao.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vipodozi. Nikawaona wanaingia. Nilijisemea, akinunua boksi si neno, shampuu itakuwa ndani, Mungu atasaidia. Mama Salma alipotoka hakuwa na boksi. Alikuwa ameshika kifundo cha nailoni.

Nikavuka. Mwenye duka alikuwa anafuta kijiko.

"Umempa nini yule?"

"Dawa. Ameomba ile unayotumia wewe. Nimempimia, ile kali."

"Na shampuu yake?"

"Hakuuliza."

Nilikuwa na mteja kwenye stuli chini ya draya, ana rola kichwa kizima. Nikamwambia ukisikia joto limezidi jitoe mwenyewe. Nikachukua shampuu yangu, jagi langu na glovu, nikafunga khanga kiunoni. Njiani nilijiuliza kama nakwenda kuwaombea msamaha au kugombana. Nikaona nitajua nikifika.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake uani wanamenya vitunguu, wengine wanachambua mchele, vigelegele vinatoka vyenyewe. Salma alikuwa ameketi mkekani kwenye baraza ya uani, kichwa chote cheupe kwa dawa kuanzia paji hadi kisogo, imepakwa kama udongo unavyokandikwa ukutani. Amemeza midomo, ameuma pindo la khanga.

"Inawasha?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Wapi?"

Akaonyesha nyuma ya sikio, halafu utosini, halafu mkono ukabaki hewani kwa sababu ilikuwa kila mahali.

"Mwacheni avumilie," mama yake akasema. "Kuwasha ndiyo kushika kwenyewe. Akiosha mapema itakuwa kazi bure."

Mabinti, maneno hayo nimeyasikia kwa wanawake wa kila namna, na yameng'oa nywele kuliko kitana chochote. Nikamwambia, "Nywele haiwashi, mama. Nywele haina uhai wa kuwashwa. Inayowasha ni ngozi ya mwanao." Sikungoja ruhusa. Nikamwinamisha Salma, nikachota ile ndoo yao moja, nikaanza kumimina. Ilipofika nusu nikatia shampuu. Povu likatoka la waridi, waridi iliyokolea. Nikasuuza, nikatia tena. Waridi. Ndoo ikafika mwisho, nikainamisha mpaka tone la mwisho, na povu bado limekaa kichwani mwa mtoto linanicheka.

"Maji," nikasema.

Hakuna aliyesogea. Wote walitazama pembeni mwa ua, palipokuwa na pipa limefunikwa kwa khanga mpya. Pembeni yake, kwenye kigoda, ameketi Bi Mwanamvua, somo wa Salma, yaani mwanamke aliyemfunda mwali na ambaye kesho alfajiri angemwogesha kwa maji yale. Yalikuwa yametengwa tangu siku kadhaa, yana majani yake ndani, na Bi Mwanamvua alishikilia kwamba hayachotwi na mkono wowote mpaka saa yake ifike. Hata watu wa jikoni walikuwa wamekatazwa.

Nikamwendea. Nilimsemesha Kizigua, maana kwa mzee kama yule Kiswahili kingekuwa cha kumwamrisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ishia hapo hapo."

"Naomba maji."

"Haya ni ya mwali."

"Anayeyataka ni mwali."

"Anayataka kesho."

"Kesho utayamwagia kwenye vidonda, bibi. Atapiga kelele alfajiri, mtaa mzima usikie. Watauliza somo amemfanyaje mtoto wa watu."

Alinitazama. Kisha akamtazama Salma, aliyekuwa ameinama vilevile, povu linamchuruzika shingoni, pindo la khanga bado liko menoni. Bi Mwanamvua alikuwa amemfundisha asilielie, na mtoto alikuwa anafuata mafundisho.

"Yatatosha?" akaniuliza.

"Sijui. Mpaka povu liwe jeupe."

Akasimama kwa kujishika kiuno. Akaivua ile khanga juu ya pipa, akaikunja vizuri, akaiweka kigodani. Nilipeleka jagi langu, akalisukuma. Akachukua kata yake. "Mwali wangu namwagia mimi," akasema. "Wewe sugua."

Tukasugua na kumwaga. Waridi. Tukamwaga tena, waridi imepauka. Bi Mwanamvua alikuwa anaingiza mkono ndani ya pipa mpaka bega, kata inakwangua chini, majani yananasa kwenye nywele. Wanawake wa vitunguu walikuwa wamesimama wametuzunguka, hakuna kigelegele. Lile la mwisho lilipotoka jeupe, jeupe kama tui, nilisugua tena sikuamini, likatoka jeupe tena. Nikakaa chini kwenye matope.

Bi Mwanamvua akaning'iniza kata yake ukingoni mwa pipa tupu. Akamgeukia Mama Salma, safari hii kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Maji ya kumwogesha mwali utayatafuta wewe. Mimi nimeketi."

Na mke wa mnunuzi wa mahindi akachukua ndoo, akapita nyumba kwa nyumba. Huyu anampa jagi, huyu bakuli, huyu anampa maneno kwanza ndipo bakuli. Jioni pipa lilikuwa na maji. Nyuma ya sikio la Salma pale palipowasha kwanza, nywele zilitoka na vidole vyangu, pakabaki wazi pa ukubwa wa kitumbua. Nyingine zote zilibaki. Nilizifunga uzi mlegevu, bila kuvuta, asubuhi nikafumua na kuziteremsha upande ule. Kwenye picha zao hakuna anayeona kitu.

Sikushukuriwa. Mama Salma alisema mjini kwamba nilimwaga maji ya mwali, na wapo waliomsadiki. Saluni yangu ilikaa kimya miezi. Nilikuwa nakwenda kila asubuhi, nafagia, nakaa kwenye kiti changu mwenyewe najitazama kiooni. Mume akasema tupunguze sharti, ndoo iwe moja, watarudi. Nikamwambia wakirudi kwa ndoo moja watakuwa wamerudi kuungua. Nikaendelea kufagia.

Mchana mmoja Mama Salma akaingia peke yake. Hakusalimia. Akafunga mlango, akashusha pazia la dirisha, akakaa kwenye kiti, akaanza kufungua kilemba. Kilipotoka, nikaona utosi mtupu, unang'aa, na pembeni nywele chache zimeuzunguka kama nyasi ukingoni mwa lambo.

"Nilikuwa mwali kama yeye," akasema akiwa anaangalia kioo, si mimi. "Nilitiwa nyumbani. Iliniwasha nikapiga kelele, wakaniosha kwa sabuni ya mche. Nywele zilipotoka waliniambia nimeharibu mwenyewe, sikuvumilia, niliosha mapema. Miaka yote najua nilikosea kwa kuosha mapema." Akakikunja kilemba mapajani. "Ndiyo nikamwambia Salma avumilie."

Mimi ni mwanamke wa maneno, mnanijua. Siku ile nilitumia mikono. Nikachukua kitana cha mkia, nikakagua ngozi mstari kwa mstari kama alivyonifundisha Madamu.

"Hapa katikati haziwezi kuota tena," nikamwambia. "Pembeni zinaota."

"Kuna dawa ya kuotesha nimeiona dukani."

"Utapoteza hela."

"Na ya saluni?"

"Utapoteza hela vilevile."

"Sasa utanipa nini?"

"Nitakuosha. Egemea."

Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu, nikampaka mafuta ya nazi, zile za pembeni nikazisuka mabutu madogo yasiyovuta. Alisinzia kitini. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake, kila mmoja na ndoo mbili, na mimi sikumuuliza aliwaambia nini.

Sasa nimestaafu. Magoti yalinikataa kabla ya mikono. Saluni anayo Rehema, ana viti vitatu na beseni la kisasa, na rafu imejaa chupa za kila rangi. Sijamkataza rafu. Nimemkataza kijiko. Anayetaka kujitia nyumbani anunue boksi zima, lililofungwa, lenye shampuu yake, asome picha, amwite mtu wa kumimina, na ahesabu maji kabla ya dawa. Anayetaka ya kopo aje akae kitini. Aliyefumua leo arudi wiki ijayo. Asiyetaka dawa kabisa, na mabinti wengi sasa wanabaki na nywele zao walizozaliwa nazo, huyo namsifu, ila namwambia naye mafuta na maji anahitaji, asidhani kuacha dawa ni kuacha kazi. Hayo ndiyo ninayoyajua. Anayesema bidhaa ghali haiunguzi ananunua rangi ya chupa.

Na kuna wabishi. Wapo wanaonisikiliza barazani, wanaitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi, na nailoni iko mkobani. Hao siwapigii kelele tena. Mama Salma huja kwangu kila Alhamisi nimtengeneze, kichwa chake sikukistaafu. Binti akianza kubisha, yeye ndiye anayesogea kwenye mkeka. Anamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu," anafungua kilemba hapo hapo, mlango wazi, watu wanapita, anainamisha kichwa mbele ya mtoto wa watu. "Lete mkono wako. Shika hapa."